Dhambi Ambayo Mikono Haikuitenda

Wifi yangu Nasambu,

Mulembe. Najua uliko hakuna anayekuuliza umeamkaje, lakini mimi siwezi kuanza kuongea na wewe bila salamu, hata sasa. Sisi hapa kijijini Kwanza hatujambo. Mvua imekuja vizuri mwaka huu, mahindi yameanza kutoa ndevu, na kaka yako Barasa ameacha kulalamika juu ya viwavi, siku hizi analalamika juu ya goti lake. Yule ng'ombe mwekundu uliyempenda amezaa. Ndama ni jike. Barasa amempa jina lako. Nikamwambia utakasirika, akasema hapana, atafurahi kwamba bado kuna mtu anamwita kila asubuhi.

Tangu tukuzike Tongaren mwezi wa pili, nimekaa na karatasi mara tatu nikakuandikia, na mara tatu nikazichana. Zile zilikuwa barua za kulia tu. Nikasema nitangoja mpaka niwe na habari. Sasa ninazo.

Ile kazi uliyoniachia nimeimaliza, wifi. Nimechelewa, lakini nimeimaliza. Niache nikusimulie tangu mwanzo. Si kwamba hujui. Ni kwamba nataka kuisema yote mara moja bila kuruka mahali, na wewe ndiye mtu pekee ambaye sikuwahi kumpunguzia maneno.

Unakumbuka nilivyokuwa mwaka jana. Mwenyekiti wa wamama kanisani. Mke wa mume mmoja miaka ishirini na miwili. Sijawahi kuonja pombe, sijawahi kuonekana nimesimama na mwanamume wa watu, gizani wala mchana. Nikipita sokoni wasichana wa kanisa walikuwa wanavuta sketi zao chini. Nakuambia ukweli, nilipenda sana kuona mikono yao ikivuta zile sketi.

Halafu Mwalimu Elisha akahamishiwa shule ya msingi hapa kwetu. Alijua kupiga kinanda, basi mchungaji akamwomba afundishe kwaya. Mtu wa miaka arobaini hivi, hajaoa, mpole, anaongea kama anaogopa kuamsha mtoto. Nataka hili liandikwe wazi: yule mtu hakunifanyia chochote. Hakuwahi kuniangalia zaidi ya alivyowaangalia wengine tuliokuwa tunaimba sauti ya pili. Mimi ndiye niliyeangalia. Nilianza na vidole vyake kwenye kinanda. Nikapanda kwenye mikono, kwenye shingo, na pale macho yalipokwama mawazo yakaendelea na safari peke yao.

Alhamisi ndiyo siku ya mazoezi. Nikaanza kupiga pasi nguo ya kanisa siku ya Alhamisi. Nikatoa ile leso ya zambarau ambayo nilikuwa nimeiweka kwa ajili ya harusi. Maziwa ya wateja wa barabarani nilikuwa napeleka kwa njia ya mkato, lakini nikaanza kuzungukia shuleni, nikijiambia njia ya mkato ina matope. Ilikuwa kiangazi, wifi. Matope gani? Barasa alikuwa ananieleza habari za trekta la jirani, nami naitika "mm", "mm", na sijasikia hata neno. Na kuna nyakati, Mungu wangu, kuna nyakati kaka yako alinishika bega kwa upendo na mimi nikafunga macho ili nione mtu mwingine.

Na bado nilijihesabu kuwa safi. Hapo ndipo penye ajabu. Kila Jumapili nilikuwa naenda Meza ya Bwana bila wasiwasi, kwa sababu mikono yangu haikuwa imemshika mtu.

Mwezi wa tisa ndipo Mercy alipoitwa mbele ya wazee wa kanisa. Yule binti wa sauti ya kwanza, fundi wa nguo, ambaye mama yake anauza ndizi karibu na stendi. Alikuwa na mimba, na kijana aliyempa alikuwa ameshapotelea Eldoret. Tulikaa sita upande mmoja wa meza, yeye akawekewa kiti peke yake upande wa pili. Wale wazee wanaume walikuwa wanakohoa tu, hawajui waanzie wapi. Mchungaji naye alikuwa na huruma usoni. Mimi ndiye niliyesema. Nilimwambia mwili ni nyumba ya Mungu na yeye ameugeuza banda la kuku. Nilisema hivyo, mbele ya mamaye. Mchungaji akasema labda miezi mitatu ya kukaa bila kwaya na bila Meza ya Bwana. Nikasema sita, na akae benchi la mwisho karibu na mlango, ili wengine waone.

Mercy hakuinamisha kichwa. Aliniangalia mimi mpaka nikajifanya natafuta kitu kwenye kibeti.

Na siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Nilitoka pale moja kwa moja nikaenda mazoezini.

Mwezi wa kumi na moja ukaja wewe kutusaidia kuvuna. Nilikuwa nimekungoja kwa hamu, maana ukija kwetu nyumba inakuwa na kicheko. Ulikuwa mjane tangu ukiwa na miaka ishirini na tisa, na Tongaren yote walikuita Mama Mtakatifu, ingawa hukulipenda hilo jina. Siku tatu uliniangalia nikizungukia shuleni na maziwa. Siku ya nne tulikuwa tunageuza mahindi kwenye turubai, sisi wawili, Barasa ameenda Kitale kutafuta magunia. Ukasema bila hata kuinua kichwa:

"Nekoye, umepiga pasi nguo ya kanisa na leo ni Alhamisi."

Nikasema eeh, kuna mazoezi.

"Huyo mwalimu anajua?"

Hukuniuliza kama kuna jambo. Uliuliza kama mtu anayeulizia mgonjwa wa zamani. Nikasema, anajua nini? Ukaendelea kugeuza mahindi kwa mguu, taratibu, ukaningoja. Na mimi nikaketi pale kwenye kona ya turubai nikalia mpaka kuku wakakimbia.

Nilipoweza kuongea nilisema kile nilichokuwa nimekiweka tayari muda wote: "Lakini sijafanya kitu, wifi. Sijafanya kitu na mtu."

Ukasema, "Hujapata nafasi. Usichanganye utakatifu na kukosa nafasi."

Nilikuchukia kidogo hapo. Nilifikiri, huyu ni dada wa mume wangu, atamwambia, nyumba yangu imekwisha. Nikaanza hata kutafuta la kukusingizia. Wewe ukachukua punje moja ya mahindi ukaiuma, ukanipa nyingine niiume. Yangu ilikuwa laini.

"Ona," ukasema, "kwa macho imekauka. Ukiitia gunia hivi, itaota ukungu iumize watu. Sasa tutaipangusa? Tutaipaka mafuta ing'ae?"

"Si tutaianika," nikasema.

"Basi jianike."

Ukanieleza kwa lugha yako ya kawaida, si ya mahubiri, kwamba Bwana alipofundisha kuwa anayetazama kwa tamaa ameshazini moyoni, hakuwa anatafuta watu wa kuchoma. Alikuwa anatutoa kiburi. Alitaka mtu kama mimi na mtu kama Mercy, ambaye nilikuwa nimekusimulia kikao chake kwa kujisifu, tujikute benchi moja, ili hapo tumwombe kitu kimoja. Ukasema kumtambua mtu kuwa mzuri si dhambi, Mungu mwenyewe ndiye aliyemtengeneza, na hata wazo likipita halijakuwa lako. Lakini mimi nilikuwa nimelipikia chai, nikalitandikia kitanda. Nilicheka hapo, nikiwa bado nalia.

Halafu ukaniambia lako. Sitaliandika hapa, wala jina la mtu yule. Ni lako, na umelala nalo. Nitasema tu kwamba nilipolisikia nilikaa nikakuangalia, Mama Mtakatifu, miaka saba ukiwaka moto kwa ajili ya mtu ambaye alikuwa anakusalimia kila siku na hajui. Ukasema, "Haki yangu mimi ni kama hili shati." Ulikuwa umevaa lile shati kuukuu la Barasa la kuvunia, lenye matundu mgongoni. "Mbele linaonekana shati. Ndiyo maana naongea na watu nikiwa nimewaelekea."

Tukaomba pale pale. Maombi yako yalikuwa mafupi. Yangu yalikuwa marefu na hayakuwa na mpangilio. Jioni ile sikwenda mazoezini, na nikalala vizuri kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi.

Asubuhi, kabla hujanywa chai, ukasema, "Mungu umemwambia. Mercy je?"

Nikasema nitaenda. Nikauliza, na kaka yako? Ukasema, "Mwambie siku utakayotaka yeye apate mke wake mzima. Usimwambie siku unayotaka tu wewe upumue."

Sikwenda kwa Mercy, wifi. Ulirudi Tongaren nikawa nasema wiki ijayo. Krismasi ikaja. Kila Jumapili namwona kwenye benchi la mwisho, tumbo limekua, namsalimia kwa kichwa kama mtu anayemsalimia askari. Nilikuwa nimeacha kuzunguka na maziwa, leso nimeirudisha sandukuni, nikafikiri hiyo inatosha. Halafu tukapigiwa simu kwamba sukari imekupanda na umelazwa Bungoma.

Siku ile ya mwisho tuliyoonana, mguu wako ulikuwa umefungwa, na ulikuwa unaongea polepole. Barasa alitoka kwenda kununua maji. Ukanishika mkono. Nilidhani utaniuliza habari za Mercy na nilikuwa nimeandaa uongo. Hukuuliza. Ulisema, "Wakianza kunisifu kwenye matanga, wewe simama. Sema nilisamehewa. Usiwaache wanizike na sifa za mtu mwingine."

Siku mbili tu baadaye, ukaenda.

Uliona, au hukuona, sijui mambo hayo yanavyokuwa. Watu walijaa, hema halikutosha. Wakaja mmoja mmoja kwenye kipaza sauti kukusifu. Hakuwa na doa. Hajawahi kukosana na mtu. Malaika ametembea Tongaren. Nilikuwa nimekaa na wake wa boma nikingoja zamu yangu. Nilipopewa nafasi kama wifi, nikasema salamu, nikasema ulivyotufunza kupika mrenda bila kuuharibu, watu wakacheka. Ningeweza kukaa hapo. Nilitaka sana kukaa hapo.

Nikasema: "Nasambu alinituma. Amesema yeye alikuwa mwenye dhambi kama mimi na ninyi, tena ya ndani, ile hakuna anayeiona. Hakuenda kwa Mungu na sifa zake. Ameenda kwa sababu amesamehewa. Ndivyo alivyotaka tumkumbuke."

Nikalisikia jenereta likinguruma nyuma ya hema. Shangazi yenu wa Kimilili akasema kwa sauti, "Huyu bibi ametuharibia matanga!" Mimi nikakaa. Baadaye, watu wakichota chakula, mzee mmoja nisiyemjua alikuja akasimama karibu nami na sahani yake. Akasema, "Yale maneno ya marehemu yamenifaa," akaondoka. Shangazi hakuniongelesha mpaka mwezi wa tano. Sasa tunaongea.

Ni pale kwenye kaburi lako nilipoona nimekutimizia wewe uliyekufa, na yule aliye hai nimemwacha benchi la mwisho.

Mwezi wa tatu nikaenda kwa Mercy. Alikuwa amejifungua msichana. Nilimkuta nje kwa mama yake, cherehani iko mbele, mtoto mgongoni. Nilikuwa nimebeba kuku na nikasahau kumweka chini, nikaongea nimemshika yule kuku muda wote. Nilimwambia nilimhukumu kwa ukatili. Nikamwambia siku ile ile moyo wangu mimi ulikuwa umejaa tamaa ya mtu asiye mume wangu, na nilimpiga yeye kwa maneno ili nisijisikie mimi. Jina sikutaja.

Mercy akasimamisha cherehani. "Mama Mwenyekiti," akasema, "si ni Mwalimu Elisha?"

Wifi, karibu nimwachilie kuku.

"Kwaya yote ilikuwa inajua, bana. Ulikuwa unaimba ukimwangalia yeye, kitabu umekishika juu chini. Tulikuwa tunacheka. Yeye tu ndiye alikuwa hajui, macho yake yako kwa kinanda."

Mwaka mzima nimejificha kwenye nyasi fupi! Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka, halafu nikaanza kucheka, na yeye akacheka, na kuku akapiga kelele. Lakini kicheko kikaisha. Mercy akafuta macho. Akasema, "Ile siku nilijua. Nilikuangalia nikasema moyoni, nikifungua mdomo huyu mama amekwisha. Sikufungua. Lakini ile ya banda la kuku, ati mbele ya mama yangu... hiyo bado iko. Nipe muda."

Nikasema muda ninao. Nikamwachia kuku.

Nikaenda kwa mchungaji siku hiyo hiyo nikamwambia mambo yangu, nikamwomba aniondolee uenyekiti, na siku zilizobaki za adhabu ya Mercy azifute. Alinisikiliza, akasema atazifuta, na uenyekiti niuache kwa mwaka kisha tuone. Jumapili iliyofuata nilikwenda kukaa benchi la mwisho kwa hiari yangu. Kumbe kule nyuma kuna baridi ya mlango na husikii vizuri. Nilikuwa nimemweka mjamzito hapo.

Ilibaki Barasa.

Ulisema ningoje siku nitakayotaka yeye apate mke wake mzima. Ilikuja mwezi wa tano, tukipalilia. Alikuwa ananiambia jinsi anavyokukumbuka, jinsi wewe ndiye uliyemfunza kuendesha baiskeli, akaanza kulia, mzee mzima na jembe mkononi. Nikaona ninapewa moyo wote wa mtu, na mimi nimeweka chumba kimoja na kufuli. Nikamwambia. Akaenda na jembe lake kulimia upande wa pili wa shamba, na siku tatu tulikula ugali tukiangaliana kama wageni.

Siku ya nne akauliza, "Aliwahi kukushika?"

"La."

"Ulitaka?"

Ningeweza kusema la mara ya pili. Ingekuwa rahisi. Nikasema, "Nilitaka."

Akatikisa kichwa. Kisha akasema, akiniita kwa jina la mwanetu, "Mimi pia nina macho, Mama Simiyu. Sijawahi kuulizwa tu." Akaniambia mambo mawili matatu ambayo yalinichoma, nami nikayakubali, maana nilikuwa nimeomba mvua na haikuwa haki nikimbie matone. Tangu hapo tunaongea, wifi. Tunaongea kuliko tulivyoongea tukiwa wachumba. Alhamisi anakuja na mimi kwenye kwaya. Anaimba vibaya sana. Wamemweka sauti ya nne, karibu na dirisha, wanasema huko haharibu sana.

Mwalimu Elisha amehamishiwa Bungoma mjini na ameoa. Alituletea kadi za mwaliko, tukaenda kwaya nzima tukaimba. Mkewe ni mtu mzuri, mcheshi. Nilimwangalia bwana harusi akitabasamu, nikaona ni mtu tu, ana jasho kwenye paji la uso, kola imembana. Nikamwombea. Ilinitoka moyoni bila kulazimisha.

Usidhani nimepona kabisa. Wiki iliyopita nilienda Kitale kwenye duka la dawa za mifugo, na kijana anayeuza pale ana meno meupe mazuri na sauti nzito. Nikasikia kitu kinaamka. Zamani ningejidanganya kwamba nashangaa tu bei. Nikasema kimya, Bwana, umeona, nami nimeona, tusaidiane. Nikachukua dawa ya kupe nikatoka. Moyo ni ule ule niliozaliwa nao. Lakini sina tena ile kazi ngumu ya kuusimamia mlangoni nikisema hamna mtu ndani. Nimetulia, wifi. Sikujua mtu anaweza kujua mabaya yake yote hivi na awe ametulia.

Na Mercy. Jumapili ya juzi tulikuwa kwenye mstari wa kwenda Meza ya Bwana, yeye mbele yangu. Mtoto akaanza kusumbua. Mercy akageuka, akaniangalia kama alivyoniangalia siku ile ya kikao, muda huo huo mrefu, halafu akanitia mtoto mikononi, akaenda mbele akapokea. Mtoto alinivuta kitambaa cha kichwa mpaka kikaanguka, na nikapokea kichwa wazi, nywele nyeupe zote nje.

Lala salama, Nasambu. Tutakuja kupalilia maua yako kabla ya mavuno, na shangazi amesema atakuja pia. Nakuahidi kwamba mtu mwingine akiitwa mbele ya wazee, awe nani, awe amefanya nini, kiti changu kitawekwa upande wake wa meza. Na nikianza tena kupenda kuona wasichana wakivuta sketi, nitajua nimepotea, nitapiga magoti.

Barasa ameingia sasa hivi kutoka kukamua. Ameuliza namwandikia nani karatasi zote hizi. Nimemwambia, dada yako. Amesimama pale mlangoni na ndoo, ameuliza kama nitamruhusu asome. Kuna lile la bega na macho niliyoyafumba ambalo sikumwambia kule shambani.

Nampa.

Wako,
Nekoye